Nanasi la usiku kucha linaharibu nyama

Mhariri,

Ukurasa wako wa mapishi umewashauri wasomaji waloweke nyama ya mishkaki usiku kucha katika mchanganyiko wa maji ya nanasi, papai bichi, ndimu na asali, kisha waibanike kesho yake. Sisi tunaopika na kuchoma kwa biashara hapa Mbeya tunaomba nafasi ya kusahihisha. Atakayefuata ushauri ule kama ulivyoandikwa atatoa kwenye mkaa nyama iliyolegea kama uji kwa nje, yenye ganda jeusi chungu, na ndani bado ngumu. Atasema matunda na nyama havipatani, naye atakuwa ameyaonea matunda.

Tatizo la mapishi yale ni kuyachukulia matunda yote kuwa ni kitu kimoja. Tunda likikutana na nyama hufanya moja au zaidi ya kazi tatu. Lipo linalokata nyuzi za nyama kwa kimeng'enya, yaani kitu cha asili kinachovunjavunja protini, kama papai bichi na nanasi. Lipo linalofanya kazi kwa asidi, kama ukwaju, ndimu na pasheni. Na lipo linalotegemewa kwa sukari yake, ile inayong'arisha nyama na kuipa rangi. Kila kazi ina saa yake. Ukizitia zote kwenye beseni moja saa mbili usiku, asubuhi utakuta zimeharibiana.

Tuanze na vimeng'enya, maana ndiko watu wanakoharibu zaidi. Papai bichi lina papaini, ambayo imo kwa wingi kwenye ule utomvu mweupe unaotoka ukilichanja. Ganda na majani yake nayo yanayo. Papai likishaiva na kuwa jekundu ndani, nguvu hiyo imepungua sana, kwa hiyo kuponda papai bivu ukitarajia lilainishe nyama ya paja ni kupoteza tunda. Nanasi bichi lina bromelaini, na tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya chake cha aina hiyo, ndiyo maana nyama iliyokaa muda mrefu kwenye tangawizi nyingi hulegea hata bila papai. Tuongeze kidogo hapa: ile unga ya kulainishia nyama inayouzwa kwenye vichupo madukani mara nyingi ni papaini au bromelaini iliyokaushwa na kuchanganywa na chumvi. Watu wananunua unga huku ganda la papai bichi wakilitupa jalalani.

Kimeng'enya hakijui kuacha. Kikigusa nyama kinaendelea kukata mpaka kiuawe na moto, wala hakiingii ndani sana. Ni milimita chache tu kutoka juu. Ndiyo sababu kipande kikubwa kilicholala kwenye papai hulegea nje na kubaki kigumu katikati. Dawa yake ni kupunguza ukubwa wa kipande, kwa sababu kuongeza muda kunaharibu tu ile sehemu ya nje. Kwa mishkaki, kata vipande vya sentimita 3 kwa kukatisha nyuzi za nyama, usizifuate. Kilo 1 ya nyama ya paja inatosheka na kijiko kimoja cha mezani cha papai bichi lililokwanguliwa pamoja na ganda lake, likiwa limeoshwa vizuri. Ongeza punje 6 za kitunguu saumu zilizotwangwa, vijiko viwili vya mezani vya mafuta, kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga, na chumvi vijiko viwili na nusu vya chai, kama gramu 15. Ukitia soya sosi, punguza chumvi hiyo kwa nusu. Changanya kwa mkono, lakini wenye ngozi nyepesi wavae glavu au mfuko wa nailoni, kwa kuwa utomvu wa papai huwasha.

Muda: dakika 45 zinatosha, na saa moja ndiyo mwisho. Ukiweka kwenye friji unaweza kufika saa moja na nusu, kwa sababu baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya, ingawa haikisimamishi. Kipimo cha kuaminika ni kidole gumba. Bonyeza kipande kimoja ukisugue kidogo. Nyama iliyo tayari inabonyea na kurudi, na juu inateleza. Ikiwa inaacha utando unaonata kwenye kidole, na ukisugua nyuzi zinatoka kama unga wa mahindi uliolowa, umeshachelewa. Ikwangue haraka, ikaushe na ipeleke motoni wakati huohuo. Hata ile iliyo sawa, papai lipanguswe kabla ya kutunga kwenye vijiti. Likibaki linaungua na kuacha uchungu. Vijiti vya mianzi, ambavyo huku kwetu havikosekani, vilowekwe nusu saa visije vikashika moto kabla ya nyama kuiva.

Nanasi ni hivyohivyo, ila lina asidi na sukari juu ya kimeng'enya, kwa hiyo ni kali zaidi. Vijiko vitatu vya mezani vya maji ya nanasi bichi kwa kilo ya nyama ya ng'ombe, dakika 30 hadi 45. Kuku wa kisasa asizidishe dakika 20. Samaki asiguswe na nanasi bichi kabisa. Minofu yake haina nyuzi ngumu za kukatwa, itamomonyoka kwenye wavu. Lakini kuna njia rahisi ambayo mwandishi wako angeitaja, mapishi yake yangesimama: chemsha maji ya nanasi dakika 5, yapoe, ndipo uyatumie. Kuchemka kunaua bromelaini, na ladha inabaki. Nanasi lililochemshwa linaweza kulala na nyama usiku kucha kwenye friji bila kuigeuza uji. Hii pia inajibu swali la wale wanaotumia juisi ya nanasi ya boksi au nanasi la kopo na kulalamika kwamba nyama haikulainika. Vile vilishapitishwa motoni kiwandani. Vitakupa utamu na uchachu, basi.

Na asije mtu akachanganya papai au matunda machachu na magadi akidhani anaongeza nguvu. Magadi nayo hulainisha kwa njia yake, lakini yakikutana na ndimu au ukwaju yanatoa povu na vyote viwili vinapoteza makali, na kinachobaki ni ladha ya sabuni.

Huku nyanda za juu tuna sababu yetu ya kulipenda papai. Mbeya mjini tuko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na maji yanachemka kwenye nyuzi joto 94 au 95, si 100 kama Dar es Salaam. Ya Makete, kulikoinuka zaidi, yanachemka mapema zaidi. Ukiona mvuke unaruka usidhani joto ni lile la pwani. Nyama ya kuchemsha na kuku wa kienyeji wanachukua muda mrefu zaidi, na mkaa unakwisha. Hapo papai linasaidia, ila kwa utaratibu wake. Papaini hufanya kazi kwa bidii kati ya nyuzi 50 na 70, kisha joto likizidi sana inakufa. Ukiitupia kwenye sufuria inayotokota unakuwa umechelewa. Kwa jogoo wa kienyeji, weka vipande kwenye maji baridi pamoja na kipande cha papai bichi cha ukubwa wa nusu kiganja, koleza moto mdogo ili maji yachukue dakika 20 hadi 25 kupanda mpaka kuchemka, kisha endelea kama kawaida. Zile dakika za kupanda ndizo zinazolipa. Akishaiva mtoe, mkaushe, ndipo umpeleke kwenye wavu na kumpaka rojo ya matunda. Anayembanika jogoo mzee akiwa mbichi kwa kutegemea matunda pekee atakesha.

Sasa asidi, na hapa tunazungumza zaidi habari ya samaki. Asidi hugeuza protini ya juu ya nyama iwe nyeupe na kukaza, mfano wa joto. Ndimu kwenye perege mbichi kwa dakika 20 inampa rangi ya samaki aliyeiva, lakini hajaiva: vijidudu na minyoo inaweza kuwa hai vilevile. Asidi pia hutuliza ile shombo, kwa sababu kemikali zinazoileta zina tabia iliyo kinyume cha asidi. Wauzaji wengine wanaitegemea tabia hiyo kuficha samaki aliyekwisha kuharibika njiani. Samaki mwenye macho yaliyozama na mashavu ya kahawia arudi alikotoka, ukwaju haufufui.

Ukwaju wa ukanda wa joto, huko chini kwenye bonde la Ruaha Mkuu, ndio tunaoupendelea kuliko ndimu kwa samaki wa kubanika. Uchachu wake ni wa taratibu, na nyama ya tunda inashika kwenye ngozi ya samaki, haichuruziki kama maji ya ndimu. Loweka gramu 50 za ukwaju kwenye kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu kwa dakika 20, fikicha kwa vidole, chuja utoe kokwa na nyuzi. Chukua perege wawili wa nusu kilo kila mmoja, wachanje mara tatu kila upande mpaka karibu na mfupa, wapake chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, waache dakika 10. Chumvi itatoa maji; yafute yote kwa kitambaa safi. Hatua hii ndiyo wengi wanaruka, halafu wanashangaa samaki kunata kwenye wavu. Samaki mwenye maji hachomeki, anachemka kwanza, na ngozi inabaki kwenye chuma. Mpake nusu ya ule ukwaju uliochanganywa na kitunguu saumu, pilipili na kijiko cha mafuta, dakika 20 hadi 30, isizidi. Wavu upate moto kwanza, ndipo upakwe mafuta, ndipo samaki awekwe. Usimguse kwa dakika 5 au 6. Akiwa tayari kugeuzwa ataachia mwenyewe.

Mbasa wa Ziwa Nyasa, anayeletwa kutoka Kyela, tunamkata vipande vyenye unene wa vidole viwili na kumfunga kwenye jani la mgomba. Jani lipitishwe juu ya moto mpaka libadilike rangi na kung'aa, vinginevyo litapasuka likikunjwa. Ndani ya jani hakuna haja ya sukari yoyote, kwa kuwa hakuna kitakachokauka na kung'aa. Pasheni, kitunguu, chumvi na pilipili vinatosha, dakika 15 hadi 20 kwenye moto wa wastani. Kwa dagaa wa Nyasa wabichi, embe bichi lililokwanguliwa linachukua nafasi ya ukwaju bila taabu.

Tukija kwenye rojo za kupaka, kanuni ni moja na inavunjwa kila jioni kwenye majiko ya barabarani: sukari iingie mwishoni. Sukari ya matunda na ya asali huanza kubadilika rangi kwenye joto la nyuzi 110 hivi, na ile nyeupe ya dukani kwenye 160. Juu ya mkaa mwekundu joto linapita hapo mbali. Nyama ya kuku inahitaji dakika 35 au 40 ili iive mpaka mfupani. Ukimpaka asali tangu mwanzo, katika dakika ya kumi atakuwa mweusi na ndani anatoka damu. Mteja anaona rangi anadhani kuku ameiva. Hapo ndipo watu wanapougua tumbo na kusingizia pilipili.

Pasheni ndiyo rojo yetu ya kwanza, kwa sababu zipo nyingi huku na zina harufu isiyopotea kwenye moshi. Pasheni 12 za zambarau zitakupa maji kati ya nusu na robo tatu ya kikombe. Kwangua ute wake wa ndani pamoja na mbegu, pitisha kwenye chujio kwa kukandamiza na mwiko. Usizisage mbegu kwenye blenda. Zikivunjika zinatia uchungu na kuacha chenga nyeusi. Weka maji hayo kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, tia asali vijiko vitatu vya mezani (ya miombo ya Chunya, yenye rangi nzito, inafaa sana), kitunguu saumu punje 2 zilizopondwa, pilipili kichaa moja na chumvi nusu kijiko cha chai. Moto mdogo, dakika 8 hadi 10, ukikoroga. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Mfereji ukibaki wazi bila kufunikwa, epua. Usisubiri iwe nzito kama unavyoitaka mezani, kwa kuwa itaendelea kukaza ikipoa. Ikikaza kupita kiasi, kijiko kimoja kimoja cha maji ya moto kinairudisha. Kiasi hicho kinatosha kuku mmoja mzima.

Wakati wa kupaka, sukumia mkaa upande mmoja wa jiko. Nyama iive upande wa moto, na rojo ipakwe ikiwa upande usio na mkaa mwingi. Pima kwa kiganja: kikiwa kimo cha sentimita 10 hadi 15 juu ya wavu, ukishindwa kuvumilia kabla ya kuhesabu mbili, moto huo ni wa kuunguza rojo, ukifika tano, paka. Paka nyembamba mara tatu katika dakika 10 za mwisho, kila mara ukiacha ikauke kwanza. Ukipaka nene mara moja inachuruzika kwenye mkaa, moshi wake mchungu unarudi juu ya nyama. Mabua matatu ya mchaichai yaliyopondwa upande wa chini yanakuwa brashi nzuri kuliko ya dukani, ambayo nywele zake zinayeyuka.

Kwa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, matufaa ya Makete na Njombe hayana mpinzani. Nunua yale madogo makali, hata yaliyogongwagongwa, ambayo wachuuzi huyapunguza bei. Matufaa yana pektini, ileile inayogandisha jemu, kwa hiyo rojo inakuwa nzito bila unga wa aina yoyote. Kwangua manne, nyunyizia ndimu yasiwe meusi, pika kwa nusu kikombe cha maji dakika 15, chuja kwa kukandamiza, kisha ongeza siki kijiko kimoja, asali viwili, tangawizi kidogo na chumvi. Inamudu mbavu kilo moja na nusu. Wakorea hufanya jambo la karibu na hilo kwa kuloweka nyama ya ng'ombe kwenye peasi lililokwanguliwa, nayo mapeasi Makete yapo.

Ila kitimoto kina sharti ambalo hakuna tunda linaloliondoa. Huku kwetu tegu wa nguruwe ni tatizo la kweli, na malengelenge yake yenye ukubwa wa punje ya mchele au harage dogo hayafi kwa ndimu, kwa siki wala kwa papai. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Mbavu zichemshwe kwanza au zibanikwe taratibu mpaka hakuna wekundu ukichana karibu na mfupa, halafu ndipo rojo. Anayekula nyama yenye malengelenge hayo ikiwa mbichi anapata mnyoo tumboni, na mayai ya mnyoo huo yakiingia kwenye chakula na maji ya watu wengine huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Tunashangaa ukurasa wako huohuo wa mapishi kutoa pia maelekezo ya kupika nguruwe abaki na rangi ya waridi ndani.

Machungwa hatuna mengi ya kusema: mawili na ndimu moja kwa kuku wa kisasa, saa 2 hadi 4 kwenye friji, yanatosha. Kwangua ganda la rangi tu, ile nyeupe chini yake ni chungu.

Vyombo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na asidi ya ukwaju, ndimu au pasheni ikikaa humo inakula chuma. Nyama inatoka na ladha ya sarafu na rojo inapata rangi ya kijivu. Loweka kwenye bakuli la kioo, la udongo uliopakwa vizuri, la plastiki ya chakula au la chuma kisichoshika kutu. Ndoo zilizokuwa na rangi ya nyumba au dawa za shambani zisikaribie jikoni, hata zikioshwa mara ngapi. Beseni za bati nazo ni hivyo: zinki yake hutoka kwenye asidi.

Na baridi ya Juni isimdanganye mtu. Tunajua Mbeya usiku inashuka chini ya nyuzi 10, na Makete mpaka nyasi zinaganda, lakini beseni lililofunikwa jikoni karibu na jiko halina baridi hiyo. Nyama yoyote inayokaa zaidi ya saa moja au mbili ikae kwenye friji, chini ya nyuzi 5. Asiye na friji achague njia za dakika 30 na 45 tulizozitaja, nazo hazimpunguzii kitu.

Maji yaliyoloweka nyama mbichi yasipakwe kwenye nyama iliyoiva. Kama unayataka, yachemshe kwanza yatokote dakika kadhaa, au, bora zaidi, gawa rojo mara mbili kabla ya kuanza: bakuli moja la nyama iliyoko motoni, jingine la mezani, lisiloguswa na brashi. Hilo la mezani likibaki, litie kwenye chupa safi yenye kifuniko. Rojo ya pasheni hukaa wiki moja kwenye friji. Ya matufaa huanza kutoa maji siku ya nne au ya tano. Ikoroge, ipashe moto, na itumie siku hiyohiyo.

Wapishi na wachoma nyama,
Mwanjelwa, Mbeya